Bahari Isiyo na Banio

Tangi la kioo nimeliacha stoo, nyuma ya zile neti za mpira wa wavu zilizooza. Ninyi mnaobaki na somo la jiografia hapo shuleni, nawaomba jambo moja tu: msiligeuze la kufugia samaki. Mkuu wa shule mmoja wa zamani alilitaka kwa kazi hiyo, liwekwe ofisini kwake wageni waone visamaki vikizunguka. Nilimjibu kwamba akitaka viumbe vya kufungua na kufumba mdomo siku nzima bila kusema lolote, anao wa kutosha kwenye kikao cha walimu. Hakunisemesha muhula mzima. Ulikuwa muhula mzuri sana.

Sitaandika habari za kupanda daraja wala mshahara. Hayo kila mtumishi anayo na hayamfundishi mtu kitu. Nitaandika nilivyofundisha bahari kwa watoto wa mlimani, katika shule ambayo ukisimama uwanjani unaona Meru upande mmoja na barabara ya kwenda Moshi upande mwingine, na bahari huioni hata ukipanda juu ya tangi la maji. Nitaandika pia habari za kondoo mmoja, kwa sababu bila yeye hadithi hii haina mwisho.

Nilishuka kituo cha Maji ya Chai nikiwa na godoro, sanduku la bati na cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kidato cha pili, mada ya mikondo ya bahari. Aliyenitangulia alikuwa amewafundisha kwa kuimba. Niliingia, wakasimama, na kabla sijasema kitu kiranja akaanza. "Mkondo wa Benguela!" Darasa zima likajibu, "Baridi!" "Mkondo wa Msumbiji!" "Joto!" Waliendelea hivyo hadi mikondo ikaisha, wakakaa chini, wakanitazama wakisubiri pongezi. Niliwauliza mkondo wa Benguela ni baridi kwa nini. Msichana wa mbele akanitolea sentensi ndefu ya Kiingereza, safi kabisa, kutoka kwenye daftari la kaka yake. Nikamwomba aniambie hiyo sentensi ina maana gani, akakaa chini akilia.

Nikajaribu mawimbi. Nikauliza wimbi linaleta nini ufukweni. "Maji, Madam." Linayatoa wapi? "Ng'ambo." Basi nikauliza kwa nini huko ng'ambo hakujakauka mpaka leo, maana mawimbi yamekuwa yakija huku tangu dunia iumbwe. Mmoja akasema labda na sisi tunawarudishia usiku. Huyo ndiye mtu pekee aliyefikiri siku ile, nikimhesabu na mkuu wa shule aliyekuja dirishani kuniambia wanafunzi wangu hawaimbi kwa sauti ya kutosha.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Urio, mzee wa fizikia, marehemu sasa. Alikuwa mtu mkavu, mwenye koti moja la kahawia na dharau ya kumtosha kila mtu mkoani. Alinikuta nimejiinamia kwenye chumba cha walimu, nikamweleza. Hakunipa pole. Alitoka akarudi na karai la kufulia, akalijaza maji, akatupa gunzi la mahindi katikati, akapiga maji kwa kiganja upande mmoja.

"Angalia gunzi, usiangalie wimbi," alisema.

Wimbi lilikimbia hadi ukingo wa pili. Gunzi likapanda, likashuka, likabaki palepale.

"Kilichosafiri ni nini?"

"Mshtuko," nilisema. "Maji yamebaki kwao."

"Basi kafundishe hivyo. Na usimwambie mtoto kitu ambacho huwezi kumwonyesha kwenye karai. Ukishindwa kumwonyesha, ujue na wewe hujui."

Nimeishi na maneno hayo kuliko yote niliyosomeshwa chuoni. Nenda kajaribu: nusu ya mnayoyasoma kwa sauti darasani hayaingii kwenye karai, na sababu si udogo wa karai.

Kwa mawimbi yanayozaliwa na upepo, karai halikutosha, kwa hiyo niliwapeleka ziwa Momela kwa miguu na lori la kuomba. Nawasihi msiiue safari hiyo kwa kisingizio cha bajeti. Simameni kwenye ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yametulia. Kisha subirini. Upepo ukianza, maji hukunjamana kwanza, mikunjo midogo ya kutetemeka. Mikunjo hiyo huupa upepo mahali pa kushika, ukishika unasukuma zaidi, wimbi linakua, na likikua linazidi kushikika. Ng'ambo ya ziwa ambako upepo umesafiri juu ya maji marefu zaidi, mawimbi ni makubwa kuliko ya upande unakotokea. Waambieni watoto wazidishe ziwa hilo hadi lifike Bara Hindi, upepo uvume siku baada ya siku, ndipo watajua kwa nini bahari ina mawimbi ya kuvunja ukuta na Momela ina ya kulowesha soksi. Unyoya wa heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani, ukielea, waangalie: unapanda na kushuka, ni gunzi lilelile. Na wimbi likifika penye kina kifupi, miguu yake inakwama chini huku kichwa kinaendelea, linaanguka kifudifudi. Watoto hawakuhitaji kuandika chochote. Mwalimu mwenzangu aliyetusindikiza alikaa ndani ya lori akisikiliza mpira redioni, kisha akaandika ripoti ya safari kurasa nyingi.

Tangi la kioo nililitengenezesha kwa fundi vioo karibu na soko la Kilombero, mjini. Aliniuliza ni la samaki gani. Nikamwambia ni la bahari, akanitazama kwa huruma, akanipunguzia bei. Matumizi yake ni haya. Jaza maji ya kawaida. Upande mmoja weka bonge la barafu, upande wa pili egemeza chupa ya maji ya moto. Kisha dondosha punje chache za pamanganeti, zile za zambarau za maabara, pembeni ya barafu. Rangi itazama hadi chini na kutambaa sakafuni polepole kuelekea kwenye joto, huko itapanda, na kurudi juu. Ndiyo mikondo ya kina: maji ya baridi na yenye chumvi nyingi ni mazito, huzama huko kwenye ncha za dunia, na hutambaa chini ya bahari kwa muda ambao mtu hawezi kuusubiri. Kwa mikondo ya juu, azima draya ya saluni, puliza juu ya maji yaliyonyunyizwa unga wa chaki. Kwa kupinda kwake, zungusha mfuniko wa sufuria huku mtoto akijaribu kuchora juu yake mstari ulionyooka kwa chaki. Hatautoa ulionyooka, hata akiwa nani. Dunia inazunguka, na kila kinachosafiri juu yake kwa umbali mrefu kinapindishwa.

Mkaguzi mmoja aliwahi kukaa nyuma ya darasa langu wakati wa somo hilo. Watoto walikuwa wamelizunguka tangi, wanabishana. Alipoondoka aliniambia kwamba darasa lilikuwa na kelele na kwamba draya haimo katika zana zilizopendekezwa. Nilimuuliza kama amejifunza kitu. Akasema yeye hakuja kujifunza. Niliona kwamba alikuwa mkweli, jambo ambalo kwa wakaguzi si dogo.

Bahari yenyewe niliiona nikiwa nimeshaifundisha miaka mingi. Tulipelekwa Tanga kwenye semina, na wenzangu walipokimbilia dagaa wa kukaanga mimi nilikwenda ufukweni na gunzi nililolitoa nyumbani kwenye mkoba. Nikalitupa mbali. Likapanda, likashuka, vilevile. Lakini nilipolikazia macho niliona kwamba huku likipanda na kushuka linasogea pembeni, taratibu, kuelekea kaskazini, bila wimbi lolote kwenda huko. Ule ulikuwa mkondo, nikiuona kwa macho yangu. Nilifurahi kiasi cha kutaka kumshika mtu mkono, na karibu yangu hakukuwa na mtu ila kijana anayeuza miwani. Nilinunua miwani.

Sasa nifike kwa Naomi. Alikuwa mtoto wa jirani yangu, Mama Naomi, mjane ambaye nilichukua maziwa kwake kila asubuhi. Siku moja katikati ya somo la mikondo aliinua mkono akauliza, "Madam, huo mkondo banio lake liko wapi? Na zamu anagawa nani?"

Darasa likaangua kicheko. Nikawanyamazisha kwa ukali, kwa sababu hakuna swali bora kuliko hilo nililowahi kuulizwa. Kwa wageni wa huku nieleze: maji yetu yanatoka mlimani kwa mifereji waliyoichimba babu zetu. Mtoni kuna banio, pale maji yanapokingwa na kuingizwa mferejini. Kuna kamati na mwenyekiti wake, na kila nyumba ina zamu yake. Ukikata ukingo wa mfereji ukachukua maji, zamu iwe yako au isiwe yako, wewe ni mwizi, na faini yake ni kondoo, ambaye kamati humla palepale. Mtoto wa Kimeru anajua tangu anatambaa kwamba maji yanakwenda kwa sababu mbili: kuna mteremko na kuna mtu amefungua. Ndiyo maana katika mtihani wa muhula darasa lile liliniandikia kwamba mikondo ya joto inateremka kutoka Ikweta kwa vile Ikweta ni tumbo la dunia na tumbo limeinuka. Niliwakosesha wote. Lakini lile ni kosa la watu wenye akili, na nililipenda kuliko majibu sahihi ya waimbaji.

Nilimjibu Naomi hivi: bahari nayo ina mteremko, mdogo sana, na anayeutengeneza ni upepo. Katika bahari yetu hii ya Hindi, miaka mingi upepo wa karibu na Ikweta husukuma maji ya joto ya juu kwenda upande wa Indonesia, yanarundikana kule, na huko ndiko mawingu mazito yanakozaliwa. Miaka mingine upepo unageuka. Kule ng'ambo maji ya baridi yanapanda kutoka chini, na maji ya joto yanalala upande wetu, mbele ya Tanga na Mombasa. Maji ya joto hutoa mvuke mwingi, hewa inapanda, upepo unauleta bara, na mlima huu unausimamisha. Mwaka huo vuli haina mchezo.

"Kwa hiyo zamu inakuwa yetu," Naomi alisema.

"Ndiyo. Ila hii zamu huwezi kuifunga."

Alipokuwa kidato cha nne, redio ilitangaza kabla ya vuli kwamba bahari ya upande wetu ina joto kuliko kawaida na kwamba mvua huenda zikazidi. Simu za watu zilikuwa zimeshajaa ujumbe wa nabii fulani aliyesema mawimbi yatafika soko la Kilombero. Arusha iko juu ya bahari kiasi kwamba wimbi likitufikia huku, hakutabaki hata mtu wa kumtumia ujumbe. Lakini upuuzi huo watu waliusambaza, na lile tangazo la maana walilipita kwenda kutafuta muziki.

Mimi niliwaza kona moja. Mfereji wetu ukitoka juu unapinda nyuma ya nyumba ya Mama Naomi, na ukingo pale ulikuwa umechoka. Kwenye masika ya kawaida tu ulikuwa ukivuja matope hadi kwenye ukuta wa jiko. Nyumba yenyewe aliijenga kwa kahawa na maziwa, tofali kwa tofali, tangu mumewe afariki. Alilala humo yeye, Naomi na mdogo wake. Ukingo ule ukipasuka usiku, nyumba haina pa kukwepea. Na mita chache kabla ya kona, kando kuna korongo tupu linalopokea chochote. Dawa ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho: katika ukingo, kabla ya kona, kata njia fupi ya kumwagia korongoni, iwe juu kidogo ya maji ya kawaida, ili zamu za watu zisipotee ila ziada ikija itokee hapo.

Kamati ilikutana kwenye ghala la zamani la kahawa. Nilikwenda na Mama Naomi, Naomi akisukuma toroli lenye tangi, chupa na barafu. Niliwaonyesha bahari yote, nikawaeleza joto, mvuke na mlima. Walitazama rangi ya zambarau kwa utulivu mkubwa. Nilipomaliza, mwenyekiti wao, Mzee Anaeli, alijikohoza.

"Mwalimu, tunakushukuru kwa maji yako ya rangi. Lakini bahari iko Tanga. Sisi tuko na mlima."

Wakacheka. Kuna mmoja alicheka hadi akashika ukuta.

"Na maji yakizidi," aliendelea, "tutafunga banio. Kazi ya banio ni nini?"

"Mzee Anaeli, mvua haipiti kwenye banio. Shamba lote lililo juu ya mfereji linamwagia humo. Nyumbani kwako mvua ikinyesha ukafunga mlango, gata linaacha kumwaga?"

Mzee alisema ukingo haukatwi, babu zetu hawakukata, anayekata ni mwizi na faini yake inajulikana. Katika kikao kile alikuwepo pia kijana wa mradi mmoja, amekuja na gari kutoka Njiro, mjini, kofia mpya kichwani. Nilimgeukia nikidhani atasaidia. Alisema wazo langu ni zuri sana, linahitaji upembuzi na kuwashirikisha wadau, na kwamba warsha itafanyika mwezi wa kwanza. Mvua za vuli mwezi wa kwanza zimeshakwenda kwao. Nilimwambia hivyo, naye akaandika.

Ndipo nikagundua Mama Naomi ameondoka. Nilidhani amekata tamaa, na nilisikia uchungu, maana ni mimi niliyemtoa shambani kuja kuchekwa. Tulikuwa tumefika kwenye mengineyo alipoingia tena mlangoni akivuta dume la kondoo, lenye mkia wa mafuta unaotikisika.

"Shikamooni wazee. Faini hii hapa."

"Faini ya nini, Mama Naomi?" Mzee Anaeli aliuliza. "Hujakata."

"Nitakata kesho asubuhi. Nimeona nilipe kabisa, nisije nikawasumbua kunitafuta."

Katibu akasema faini hailipwi kabla ya kosa. Mwingine akauliza imeandikwa wapi. Haikuandikwa popote. Wakabishana kama ukilipia wizi kwanza unakuwa bado ni wizi, na kama kamati ikikataa faini itakuwa imekataa mila. Nimekaa katika vikao vingi vya kitaaluma, sijapata kusikia mjadala wenye uzito kama ule. Kilichouamua ni mkia wa yule kondoo. Jioni walikuwa wanakunywa supu yake.

Asubuhi tulikata, mchana kweupe, watu wakipita wakitutazama. Mama Naomi alishika jembe, mimi na Naomi tulipanga mawe chini na kingo, na magogo ya migomba pembeni ili udongo usile. Mawe ya chini tuliyaweka juu ya alama ya maji ya kawaida. Hakuna zamu ya mtu iliyopungua hata ndoo.

Kisha mvua ikakataa kunyesha. Mwezi wa kumi ukaisha mkavu. Sijui kama nimewahi kuogopa namna ile. Redio ilisema huenda, haikuapa, na mimi ndiye niliyeigeuza huenda ile kuwa kondoo wa mjane. Watu wazima, waumini wa kanisa, walikuwa wakimpita Mama Naomi njiani wakilia "mee". Mzee Anaeli aliniuliza dukani kama bahari imekosa nauli. Mama Naomi aliendelea kunipimia maziwa, akijaza kikombe hadi juu kama kawaida yake, na hilo liliniumiza kuliko kelele za wengine.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja ilianza, na ilipoanza haikuuliza mtu. Ilinyesha mchana, ikanyesha usiku. Mzee Anaeli alipanda mwenyewe na mwavuli hadi mtoni akafunga banio, akasimama hapo akilitazama, na nyuma yake mfereji ukaendelea kupanda bila tone moja la mtoni. Huko juu, kwa binamu yake mwenyewe, ukingo ulipasuka ukaondoka na migomba na banda la ng'ombe. Ng'ombe walipona, na watu pia, namshukuru Mungu.

Kulipopambazuka nilikimbia kwenda kona ile na mabuti. Mfereji ulikuwa umejaa hadi kwenye mawe yetu, na kutoka hapo ziada yote ilikuwa ikiruka korongoni kwa kishindo. Kwenye kona yenyewe ukingo ulikuwa umelowa, umesimama. Mama Naomi alikuwa mlangoni kwake, shuka mabegani, kikombe cha chai mkononi.

"Mwalimu," aliniambia, "bahari imefika."

Nililia. Mvua ilinisaidia kutoonekana.

Kama mnadhani kamati iliomba radhi, hamjaijua kamati. Vuli ilipokwisha walikuja wakafukia njia yetu na kuishindilia vizuri, kwa sababu ukingo haukatwi. Kwenye warsha ya mwezi wa kwanza, katika hoteli ya mjini yenye viti vilivyovalishwa vitambaa, tulipewa kalamu nene na karatasi kubwa tuchore mti wa matatizo. Mzee Anaeli alisimama akaeleza mbinu shirikishi ambayo jamii yake imeibuni ya kupunguza maji ya ziada. Walimpigia makofi. Kijana wa kofia alisema huo ndio ujuzi wa asili anaoutafuta, na mimi nikala wali wao nikanyamaza, maana kuku alikuwa mzuri.

Tangu hapo, kila mwaka bahari ya upande wetu ikiwa na joto, Mama Naomi huniuliza, mimi husikiliza redio, yeye hupeleka kondoo, hukata, na baadaye kamati hufukia. Mwaka mmoja alikata na vuli ikaja ya kawaida kabisa. Nilimwendea na aibu yangu, akacheka, akasema ile mara ya kwanza ilimlipia kondoo wengi. Naomi sasa anauza dawa Njiro, ana duka lake dogo. Mikondo anaikumbuka yote, na sababu zake, jambo ambalo siwezi kulisema kwa baadhi yenu mnaonisoma.

Mlinifanyia sherehe ya kuniaga mwezi uliopita. Asanteni kwa kitenge, na asanteni kwa saa ya ukutani, zawadi ya busara kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Mlimwona pia Mzee Anaeli akiingia na kamati yake na kondoo aliyefungwa kamba, mkapiga vigelegele mkidhani ni kitoweo. Aliyoninong'oneza pembeni hamkuyasikia.

"Mwalimu, tumekaa kama kamati. Kondoo wa ile mara ya kwanza, tumeona tumrudishe."

"Mnamrudisha kwangu? Kwani alikuwa wangu?"

"Wewe ndiye uliyeanzisha mambo. Ila ukingo bado haukatwi."

Imewachukua miaka yote hii kukiri nusu ya kosa, na hata hiyo nusu wameipeleka kwenye nyumba isiyo yake. Niliondoka kwenye sherehe yangu mwenyewe nikiwa nimevaa kitenge kipya, navuta kondoo kuteremka hadi kwa Mama Naomi. Nilimpa kamba, nikamweleza. Alimzunguka yule mnyama, akampapasa mgongo, akaupima mkia kwa kiganja.

"Huyu amekonda kuliko niliyewapa."

"Ndiye waliyemleta."

"Na redio inasemaje mwaka huu, Mwalimu?"

"Inasema bahari ya upande wetu ina joto."

Aliutazama ukingo nyuma ya nyumba, kisha akanirudishia kamba mkononi.

"Basi wapelekee. Waambie wa mwaka huu nimeshalipa."